Kona Isiyo na Kilima

Josias Wrathall, karani wa posta, Kendal,
alipima njia kwa gurudumu lenye kengele:
kila maili, mlio mmoja.
Matope aliyatia nukta. Daraja, vistari viwili.
Pale Shap, theluji ilipommeza tarishi na mfuko wake,
hakuweka alama;
karatasi aliiacha nyeupe.

Ila kabla ya Penrith mstari wake unapinda,
unaliacha bonde lililonyooka kama rula,
unazunguka hadi mlangoni kwa Tamsin, mjane,
anayempa farasi wa posta chumvi ya kiganjani.
Hapiti, hata umchape.

"Ramani hii ni ya farasi," alisema, "si ya mwewe."

London wakaichapa hivyo hivyo.
Mkubwa mmoja, miwani puani,
akaandika pembeni:
hapa, bila shaka, pana kilima.