Mlango wa Uani

Saa moja asubuhi, Kemi, na nje bado ni usiku.
Januari hii jua hubisha hodi saa tano,
na chai haijapoa, limeshaaga.

Navaa glavu. Vichupa vimefika kutoka bandarini,
ishirini na kimoja,
mkojo wa wanaume wa meli inayovunja barafu.
Hakuna majina. Namba tu.

Lakini jana usiku kaka yangu alinipigia.
"Aune, hiyo mashine yenu hunusa hadi saa ngapi nyuma?"
Akacheka
kicheko cha mtu anayetikisa kitasa kuona kama kimefunga.
Nilimwambia sijui.
Najua.

Basi nikueleze, Tarmo, hapa ambapo hunisikii.

Kuna kitu mwilini, serotonini.
Unakipika mwenyewe, kwa samaki na jibini unalokula,
kingi kikakaa tumboni, kidogo kikapanda kichwani
kukuambia: tulia, lala, kesho ipo.
Kikimaliza kazi, huvunjwa.
Kwanza kinakuwa kitu cha katikati, kisichokaa,
kama mtu aliyesimama kizingitini na viatu mkononi.
Hapo kimeng'enya humshika mkono,
humtoa kwa mlango wa mbele.
Anakuwa asidi. Anashuka na mkojo. Kwaheri.

Kila siku hivyo, na ini halipigi kelele.

Kisha wewe unakunywa.
Wanaingia wageni wasioalikwa, ukoo mzima,
na kimeng'enya kilekile kinaitwa kuwahudumia.
Mlango wa mbele unaziba.
Yule wa kizingitini anasukumwa uani,
na huko uani, ndugu yangu,
anageuka kuwa kileo.
Kidogo mno, hakilevyi hata inzi,
kina jina refu lililoniangusha mtihani mara mbili.
Lakini ni kileo.
Ulimimina glasi sita za shayiri;
ya saba ulijipikia ndani,
kwa utulivu wako mwenyewe.

Asubuhi ukaingia sauna, ukapiga mswaki hadi fizi zikavuja.
Ukapuliza kifaa cha langoni: sifuri.
Wakakupa funguo za chumba cha injini.
Sifuri hiyo haikudanganya.
Pombe imekwenda, pumzi imesahau.
Ila theluji ya uani bado ina nyayo,
na zitakaa saa nyingi baada ya mgeni wa mwisho kuondoka.

Na usiniletee habari za ndizi.
Mwaka juzi kijana mmoja alileta barua nzima kuhusu ndizi.
Kweli, ndizi ina serotonini,
huongeza wa mbele, huongeza na wa uani, sawia.
Sisi hatuhesabu mmoja.
Tunauliza: kwa kila aliyetoka mbele,
wangapi wamepita nyuma?
Hapo ndizi hunyamaza.

Baba alitafuna mnanaa miaka kumi na tisa.
Hakuna aliyempima.
Tulimpima sisi, kwa namna alivyovua koti.

Nafungua vichupa, kimoja kimoja.
315. 316. 317, huyu hanywi maji ya kutosha.
318 hakifunguki.

Nakizungusha tena. Kimekazwa
kama kwamba ndani yake kuna bahari.
Hivi ndivyo ulivyokuwa ukifunga mitungi ya jamu,
miaka tisa, ulimi nje, mikono miwili,
hata mama akahitaji kitambaa kila tulipotaka mkate.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Mwalimu wangu wa maabara hakunifundisha
kata ifanye nini ikishaijua.

Huenda ni mtu mwingine. Bandari ina vidole vingi vyenye nguvu.

Mashine imeshapata joto, inavuma.
Nyuma ya dirisha, mbali, meli inauma barafu, inarudi nyuma, inauma tena.
Nanyoosha mkono kwenye ndoano,
nachukua kitambaa.