Gramu Hamsini

Kwaresima hii nimeacha nyama.
Nimeacha na mbege, ingawa shemeji yangu wa Kibosho
aliniletea kata imejaa, povu linapasuka taratibu.
Nikasema hapana, nimefunga,
kwa sauti ya kumfikia jirani wa nyumba ya tatu.

Saa tisa usiku naamka, napiga magoti sarujini.
Baridi ya mlima inaniingia kwenye pingili za goti
nami nahesabu: nusu saa. Dakika arobaini.
Jana, hamsini.
Kuhesabu naweza. Ndiyo kazi yangu.

Duka langu liko Pasua, mkabala na mashine ya kusaga:
maharage, mchele wa Kahe, dagaa, mafuta ya kupima.
Mizani ni ya mawe, ya sahani mbili,
niliachiwa na marehemu baba mdogo Ndetaramo,
na jiwe la kilo, ukiligeuza,
utaona risasi ya chini imekomolewa
na tundu limezibwa kwa nta, likapakwa masizi.
Baba mdogo hakusema kitu. Nami sikuuliza.
Gramu hamsini.
Konzi ya mtoto, tena mtoto mdogo.
Miaka kumi na moja.

Basi Jumatano usiku nimefika pale pa kusema
"Bwana, najikana nafsi yangu,"
neno likakaa mdomoni kama mchanga kwenye wali.
Sikuona nuru, nisije nikadanganya.
Nilichosikia ni panya, huko dukani,
akikokota punje moja ya harage sakafuni,
anapumzika, anakokota.
Nikawasha tochi ya simu.
Panya akakimbia, likabaki jiwe,
limekaa kwenye sahani na tumbo lake tupu.
Miaka yote hiyo
lilikuwa linafunga kwa niaba yangu.

Asubuhi nikapanda mjini, nikanunua jiwe jipya lenye muhuri.
Ghali. Nikaomba punguzo, nikaona haya, nikalipa.
Kisha nikapiga hesabu ya mteja mmoja,
Mama Aikaruwa, kilo moja kila Jumamosi:
kilo ishirini na nane na nusu na ushee.
Nikafunga gunia kwenye kerea ya baiskeli,
nikasukuma kwenye tope la masika,
na njiani nilikuwa nimeshayaandaa machozi,
yangu na ya kwake.

Alikuwa anamenya ndizi za mtori.
Alinisikiliza hadi mwisho, kisu hakikusimama.
"Nilijua," akasema. "Nina kopo langu, nikifika napima."
Sasa mbona uliendelea kuja?
"Wewe unakopesha."
Akatazama gunia, akasogeza beseni lisilowe.
"Na hao wengine?"

Hao wengine.
Kuna waliohamia Boma Ng'ombe, kuna waliozikwa,
kuna wapita njia wa siku moja, uso sikumbuki.
Nilirudi na baiskeli nyepesi
na mzigo ambao hauna kerea ya kuubeba.

Sijui kama hili ndilo linaloitwa utakatifu.
Nilidhani litanukia ubani; linanuka vumbi la maharage.
Magoti napiga bado, lakini saa nimeilaza kifudifudi,
na usiku mwingine, nikiri, naigeuza.
Jiwe la zamani nimeegeshea mlango.

Jana mtoto wa Eliringia alikuja, ametumwa kilo moja.
Nikapima, sahani zikalala sawa,
halafu nikaongeza konzi, ya mtu mzima.
Akakodoa macho: "Mbona umezidisha?"
Ulimi ukanyanyuka, una habari yote,
kuanzia baba mdogo hadi panya, hadi tope la njiani.
Nikaumeza.
Nikamwambia afunge mfuko vizuri,
mvua hiyo, inateremka kutoka mlimani.