Picha ya Tatu ya Nyanzobe

Ya kwanza ilinunuliwa kabla rangi haijakauka.
Mwenye hoteli mjini alitaka "bibi wa dagaa":
khanga iliyochanika, mgongo uliopinda,
na ziwa nyuma likiwaka kama sahani ya bati.
Nikampa. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili.
Mgongo niliupinda mimi. Wewe hujapinda.

Ya pili ulikuja na kitenge cha harusi ya Ngusa,
viatu umevishika mkononi toka mwaloni
ili mchanga wa Kayenze usivichafue.
Ukaketi juu ya kreti la soda, kimya,
kama mtu aliyeitwa kwa mtendaji.
Nikachora kitenge, ua kwa ua.
Mikono nikaificha chini ya ua kubwa,
maana mikono ni migumu, kila mchoraji anajua.
Ulisimama mbele ya turubai muda mrefu.
"Huyu mama kakatwa mikono na nani?"

Basi hii ya tatu nimeichorea palepale chanjani,
saa nne asubuhi, jua lina haraka,
wewe ukigeuza dagaa, mimi nikikufuata na brashi,
ukifukuza korongo,
ukinifukuza na mimi nikikukingia mwanga.

Sikujua kwamba magamba hayana rangi moja.
Yapo ya fedha, yapo ya zambarau kama ganda la kitunguu,
na kwenye ukucha wa kidole gumba
lipo moja lililokataa kutoka tangu masika.
Kovu la karabai nilitaka kulipita.
"Liweke. Hilo ndilo lililosomesha."
Nikuchore ukitabasamu?
"Ulishaona wapi mtu akihesabu ndoo huku anatabasamu?"
Nikaiacha midomo ihesabu.

Sasa imetundikwa bandani kwako, juu ya mizani,
kwa misumari miwili ya mtumbwi.
Jana mchuuzi wa Shinyanga,
yule aliyezoea kuliegemeza gunia kwa goti
mshale unapotafuta namba yake,
aliinua uso,
akakuta macho yako yanamngoja ukutani.
Akageuka. Akayakuta tena nyuma yake, yakipepesa.
Akaondoa goti.

Umenilipa sado mbili za dagaa,
zimepimwa kwa kopo ambalo zamani lilikuwa la rangi.
Umeniambia pia sikio la kushoto nimelikosea.
Ni kweli.
Kesho nitakuja na brashi ndogo.