Chafya

Theluji imefika kwenye dirisha la chini.
Nimetwanga pilipili kwa kinu cha kuazima,
chengachenga tu. "Ukifikisha unga umeharibu,"
kaonya Mama, Peng Guizhi wa Zunyi,
mtu asiyejua vipimo.
"Mafuta kiasi gani?"
"Mpaka yatoshe."
"Na ufuta?"
"Usiwe bahili."

Vitunguu vimegeuka kahawia, nimeviopoa,
tangawizi nayo. Moshi mwembamba ukaanza.
"Sogeza simu kwenye sufuria."
Nikaishika kwa glovu, mkono nimeunyoosha,
akayasikiliza mafuta yanavyonong'ona.
"Bado."
Jirani akafungua mlango, akaufunga.
"Bado, Jiahe. Una haraka ya babako."
Kisha kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Sasa! Mara ya kwanza, harufu. Usimalize!
Ya pili, rangi.
Ya tatu ndiyo ukali wenyewe."

Bakuli likafura jekundu hadi ukingoni,
likasita, likashuka.
Koo likanikaba,
nikaliegemea friji la Harbin bila neno.

Na kule, siku mbili kwa treni,
jikoni asikowasha moto tangu asubuhi,
Mama akapiga chafya.