Moja kwa Mia Tano

Fundi aligonga sakafu ya jiko kwa kisigino cha kiatu,
akatega sikio kama mkunga.
"Chini hapa pana uwazi. Kaulizie ramani za zamani."
Ndipo nikaupanda mlima wa Lincoln asubuhi,
sare ya zamu ya usiku ingali inanuka dawa chini ya koti,
nikaingia chumba cha nyaraka.

Kalamu ya wino marufuku. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe;
mimi, mwaka wa kumi na tisa, Bwana Thirkell alinipa penseli
na vifuko viwili vya mchanga vya kukandamizia pembe za karatasi.

Kumbe mji unaweza kulazwa chali
ukahesabiwa mbavu.
Moja kwa mia tano:
kila nguzo ya taa nukta, kila pampu herufi,
vidato vya mawe vimechorwa kimoja kimoja,
nikavihesabu kwa ncha ya ukucha
hadi pale ninapotuaga mifuko ya viazi nikavuta pumzi.
Kanisa kuu lina urefu wa rula ya mwanafunzi,
na ndani yake nguzo zote zipo, hata viti vya waimbaji.
Nyumba zetu za bondeni wamezipaka rangi ya waridi, basi.
Ndani, hakuna kitu.
Walifika mlangoni na mnyororo wao wa kupimia, wakapita.
Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake.

Nikautafuta mtaa wangu. Namba kumi na moja.
Jiko langu lilikuwa ua wa mtengeneza ngozi,
na katikati ya ua, kiduara
kama alama ya chanjo begani:
kisima.
Kwa hiyo miaka yote hii nimesonga ugali juu ya maji ya watu.

Nikaufuata ukuta kwa kidole kuelekea chumba cha kulala,
ukuta ukafika ukingoni mwa karatasi, ukakatika.
"Sehemu iliyobaki imo kwenye karatasi ya mashariki," alisema Bwana Thirkell,
"nayo hatunayo. Hajulikani aliyeiazima."
Aliisema sauti ile tunayoitumia sisi
tukishatoka wodini na kuvua glavu.

Nyumba yangu, nusu.
Nusu iliyopo ina kisima.
Nusu isiyopo ina dirisha alilolizibia Shekue kwa magazeti
baridi yetu ya kwanza,
na upande wa kitanda ambao bado siulalii.

Nilirudi nikaketi mezani, juu ya uwazi ule.
Nyuma ya bili ya umeme nikaanza kuchora:
hatua yangu moja, milimita moja na nusu.
Mlango. Kabati. Mkeka wa kuswalia, umeelekea kona ya bomba la joto.
Kitanda, milimita nne, nusu ya punje ya mchele.
Nilikichora mara mbili, penseli ilivunjika.

Jina sikuandika. Wao pia hawakuandika.
Kisha, sijui kwa nini, nikatia nukta upande wa kushoto,
ukubwa wa nguzo ya taa.

Fundi anakuja Jumatatu na zege lake.
Nimemwambia angoje.
Nataka kwanza niteremshe uzi wenye jiwe,
maana ramani yote ile, na vidato vyake, na viti vya waimbaji,
haisemi kina.