Maini, kwa Wingi

Lugha yetu iliwahi kujua:
hata mtu akiwa mmoja, twasema *maini*,
kana kwamba aliyetufinyanga
alishaacha mahali pa kupitisha kisu.

Mimi sikujua. Mimi nilijua samaki.
Miaka ishirini na miwili kiwandani Igogo,
gambuti hadi magotini, kisu chembamba.
Sangara huingia mzima mlango wa ziwani,
minofu hutokea mlango wa barabarani, ndani ya barafu,
na panki, kichwa, mifupa, jicho linalotazama,
hubaki upande wetu sisi.
Hiyo ndiyo hesabu ya kugawa niliyofundishwa.

Basi Daktari Nyamizi aliponijia usiku,
macho yangu ya manjano, tumbo limejaa maji,
aliketi kitandani, jambo wasilolifanya madaktari.
"Lugembe, limepatikana. Zamu ni yako.
Ila ni ini kubwa, la kijana, zuri,
na wodi ya watoto kuna mtu wa kilo tisa
ambaye hakuna marehemu wa kimo chake."

Kilo tisa.
Sangara wa kilo tisa nilimnyanyua kwa mkono mmoja.

"Tukiligawa, yeye robo, wewe robo tatu.
Robo itakua naye. Yako itajijaza yenyewe.
Lakini sikufichi: palipokatwa panaweza kuvuja,
mshipa mmoja hauendi kwa watu wawili,
na ini pungufu hulemewa na mwili mkubwa.
Zima ni salama zaidi kwako.
Una haki ya kulitaka zima."

Nikauliza swali la aibu,
naliandika hapa lisije likanioza ndani:
"Nani anapata minofu, nani panki?"

Hakucheka. "Hapa hakuna panki," alisema.

Mbuke, mke wangu, alikunja kanga, akaikunjua,
akaikunja tena.
Nilitaka lote.
Nikasema ndiyo kwa sababu Mbuke alikuwa ananitazama.

Siku ya tano mambo yalitumbukia nyongo.
Si msemo. Nyongo yenyewe,
kijani cha mto Mirongo baada ya mvua,
ikishuka mpirani hadi kwenye mfuko ubavuni.
Siku thelathini na moja. Homa. Wakanifungua upya.
Nikamlaani mtoto nisiyemjua,
nikamwita mwizi wa kilo tisa,
na usiku uleule nikamwombea apone.
Yote mawili yalitoka kwenye ini lilelile.

Mwaka wa pili huu.
Vidonge saa mbili asubuhi, saa mbili usiku, hadi kaburini.
Kiwanja cha Buswelu kimekwenda.
Kiwandani hawanitaki. Nauza vocha gatini.
Picha ya mashine yasema limejaza,
ule upande uliokatwa umekuwa mviringo,
kama haujawahi kuwa na mwenzake.

Yule mama wa kijana namwaza zaidi nikiwa nakula.
Jina lake silijui.
Alikatwa maini mara mbili siku moja:
mara ya kwanza kwa habari,
mara ya pili kwa kalamu, alipotia sahihi.

Na mtoto? Hawasemi. Ndiyo taratibu.
Mhudumu mmoja tu aliteleza ulimi:
"Yule wa Ukerewe."
Basi meli ya Nansio ikiteremsha watu
nachungulia weupe wa macho ya watoto,
chenji za watu zikinipotea mkononi.

Juzi kibinti wa miaka mitatu hivi
alikanyaga kiatu changu, akaniangalia kwa hasira
kana kwamba kiatu ndicho kilichomkanyaga.
Macho meupe, meupe kabisa.
Huenda siye. Watoto wengi wana macho meupe.

"Pole," nikamwambia.
Mama yake akamvuta, wakapotelea kwenye magunia ya mihogo,
nami nikabaki nimeshika ubavu wa kulia
kama mtu aliyeibiwa pochi,
au aliyeigusa tu, ahakikishe ipo.