Suruali ya Kupunguza

Hakuja na bunduki. Alikuja na suruali.
"Nipunguzie inchi moja," akasema, "nitaipitia Alhamisi."
Viatu vyake vipya, mwaka ule
ambao Wete nzima tulivaa makubadhi yaliyoliwa na njia.

Mfukoni, karatasi ya daftari la shule, imekunjwa mara nne:
majina kumi na moja, na mbele ya kila jina pengo
la kutia alama.
Nani anafungua redio usiku chini ya blanketi.
Nani kapata barua ya Mombasa.
Nani alicheka kwenye foleni ya mchele
gari la mkubwa lilipopita.

Nilikaa nayo siku mbili.
Cherehani ikisema, ikisema,
kama shahidi aliyekwisha kulipwa.
Mize akaniuliza mbona chai inapoa.
Nikamwambia, joto.

Wa tatu ni Asaa, mpakizi wa karafuu,
namdai vifungo sita.
Wa saba ni Bi Chumu, haoni, redio hana;
akicheka, hucheka na marehemu mumewe.
Wa kumi na moja
sikumsoma mara ya kwanza.
Wa kumi na moja ni mimi.

Na mkono ulioandika naujua.
Hiyo "m" yenye mkia niliifundisha mwenyewe
kwa chaki, juu ya kipande cha kaniki.
Ngwali, anayelala dukani kwangu,
anayepakuliwa na Mize kabla yangu,
yuko pale sasa anatunga uzi,
jicho moja kafumba, ulimi nje.
Sijui walimshikia wapi.
Kaka yake hajaonekana tangu mavuno ya juzi.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Mimi nguo ndiyo kazi yangu.
Miaka ishirini nageuza za watu nje ndani
nikitafuta mshono ulipofumuka.

"Ngwali, njoo unishikie taa."
Akaja. Taa ikatetemeka.
Sikumuuliza, naye hakusema.
Nikapunguza inchi moja, kama nilivyoagizwa.
Kisha nikaushona mfuko mdomo wake,
karatasi ndani, haina alama hata moja,
uzi mara mbili,
mafundo matatu.

Alhamisi akaja. Akaipima urefu.
Akatia mkono mfukoni, mkono ukagoma.
Akanitazama. Akamtazama mtoto.
"Fundi," akasema, "kazi yako safi.
Nina nyingine tano nyumbani."